Wekeni Wembe Chini!

Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana tunaoshona mablanketi ya viraka, nami naomba nafasi katika jarida letu niuseme bila kumung'unya maneno. Ugonjwa wenyewe ni kufumua. Mtu kaunganisha vipande vyake vizuri tu, kona moja imekwepana na mwenzake kwa upana wa punje ya mchele, basi huyo, kashika wembe. Anafumua. Anashona tena, sasa kona imekwepa upande wa pili. Anafumua tena! Mara ya tatu kitambaa kina matundu kama chujio la chai, na blanketi linaingia kwenye gunia chini ya kitanda. Habari imekwisha.

Kwa msomaji wa mjini asiyejua mambo haya, hapa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, mabaki ya vitenge hayakosekani kwenye baraza za mafundi cherehani. Kwa fundi ni takataka. Sisi tunaokota, tunafua, tunapiga pasi, tunakata miraba na kuiunga mpaka itoke shuka, kisha tunaitia tabaka la pili chini. Si biashara, ni starehe ya jioni, kama mwingine anavyocheza bao. Watu wa mwambao wana neno lao zuri, mfarishi, lakini huku kwetu ukisema mfarishi utaulizwa ni samaki gani huyo.

Ziwani kuna joto, ni kweli, lakini panda juu Sumbawanga mwezi wa sita uone. Baridi ya uwanda wa Ufipa haina utani. Namjua dada mmoja, mtoto wa shangazi yangu, aliyeanza blanketi kwa ajili ya mdogo wake anayesoma bweni huko juu. Alibakiza mistari miwili. Akalipeleka kwa fundi mmoja ampe ushauri, na fundi yule akalikunjua mbele za watu, akacheka, akasema, "Mishono gani hii, imelewa?" Binti akarudi nyumbani akafumua usiku kucha. Mdogo mtu mpaka leo anajifunika kanga mbili na koti la mitumba. Sasa niambieni, ndugu zangu, mshono ulionyooka una faida gani ikiwa hakuna blanketi?

Najua aibu hii inakotoka. Wazee wetu hawapendi kusikia neno kiraka, na wana haki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilikaukiwa. Sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa ndiyo usiseme. Suruali ilitiwa kiraka, na kiraka nacho kikatiwa kiraka. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na kuanzia 1984, biashara ilipolegezwa, mitumba ikarudi kwa wingi na watu wakashukuru Mungu. Kwa mzee aliyepita hapo, blanketi la viraka kitandani ni kama mtoto amemrudishia miaka ile ndani ya nyumba. Ndiyo maana kijana akishona anataka mshono uwe kama wa kiwandani, ili asionekane maskini. Tuelewane hapo: tunafumua kwa sababu ya macho ya watu.

Lakini kiraka ni cha zamani kuliko shida za 1980. Hiyo kanga mnayoivaa na kuisifia ilitoka wapi? Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake ni la Kireno. Walikata leso 3 kwa 3 zilizoungana, wakazishona ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja ya leso 6. Kwa hiyo kanga ilizaliwa na mshono katikati ya tumbo! Wenye maduka walipoona inapendwa ndipo wakaagiza iliyochapwa nzima. Mshono ukafutwa, na sisi wajukuu tukadhani nguo huzaliwa bila mshono.

Vukeni bahari. Huko Karnataka, India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika. Akina mama wao hushona kwa mkono mablanketi yanayoitwa kawandi, wakianzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, kiraka juu ya kiraka, na mistari ya bandi hainyooki hata kidogo. Na Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wanawake Weusi walishona kwa suruali za kazi zilizochakaa ili watoto wasife na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha Whitney, New York, na wasomi wakayakodolea macho. Mistari yake inapinda waziwazi. Hakuna aliyeomba wembe.

Hapa sasa nigeuke upande wa pili, maana naona wavivu wameanza kunipigia makofi. Kuna mshikaji anashona ovyo kisha anasema, "Hii ni sanaa bwana." Sanaa gani inayoachia ikifuliwa? Wanawake wa Gee's Bend walishona kitu cha kulaliwa miaka na miaka. Mvuvi wa hapa akishona wavu wa dagaa hafumui wavu mzima kwa sababu fundo moja limekaa kombo, anauliza swali moja tu: dagaa watapita? Wakipita, anarudia. Wasipopita, anaingia ziwani.

Swali la blanketi ni hilohilo: uzi utaachia? Mshono ulioacha chini ya nusu sentimita ya kitambaa pembeni, fumua, maana kitenge kitachanika nyuzi nyuzi na tundu litafunguka. Uzi umerukaruka, au wa chini umevutika kama kamba ya ngoma, fumua bila huruma. Lakini kona iliyokwepana kwa milimita 2 au 3? Achana nayo! Kila ukifumua unatoboa upya palepale, na kitambaa chepesi hakistahimili sindano mara nne.

Wengi hawajui hata kosa linatoka wapi. Hesabu kidogo tu. Ukila milimita 2 zaidi kila upande, mshono mmoja umekula 4. Mstari wa vipande 10 una mishono 9, basi mstari mzima umepungua milimita 36, karibu sentimita 4. Ndiyo maana mstari wa juu haufiki mwisho wa mstari wa chini, na wewe unafumua kona moja kana kwamba ndiyo mchawi. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani kiwe mpaka wako, kitambaa kipite hapohapo kila mara. Fua vitenge kabla ya kukata, maana vingine husinyaa. Usikate mshazari bila sababu, kitavutika. Mishono ya mstari wa juu ilaze kulia kwa pasi, ya chini ilaze kushoto, zikikutana zitaingiliana zenyewe. Na kipande kilichozidi kidogo kiweke chini, meno ya cherehani yatakisukuma na kukimeza.

Waandishi wenzangu mnaosoma haya mkidhani hayawahusu, mnajijua. Sura ya kwanza imeandikwa mara kumi na mbili, sura ya pili haijazaliwa. Mimi nina daftari la riwaya na nimeapa kufika ukurasa wa mwisho kwanza, hata kama shujaa wangu ana macho meusi sura ya tatu na ya kahawia sura ya tisa. Nitamrekebisha akishakuwa mtu.

Na nyinyi mafundi, shikamooni, lakini nina neno nanyi. Kijana akiwaletea blanketi lililozidi upande mmoja kwa sentimita 3, kicheko si ushauri. Mwambieni akate kingo zote zilingane, apige bandi katikati ili tabaka mbili zisihame, azungushe pindo la kitenge cha rangi moja. Ni kazi ya jioni mbili, tatu akikatika umeme. Na shule zinafunguliwa mwezi wa saba.