Manowari Iliyobebwa Mabegani

Wanachuo wenzangu wa ualimu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja nyumbani kwetu Nkwenda, wilayani Kyerwa. Siku ya Vita Kuu ya Kwanza niliingia darasani nimejiandaa kweli kweli. Nilichora ubaoni manowari ya Wajerumani, SMS Königsberg, na mabomba yake matatu ya moshi.

Nikamwaga sifa zake zote. Ilishushwa majini Kiel mwaka 1905. Urefu wake mita 115, kuzidi uwanja wa mpira. Boila 11 za makaa ya mawe, mizinga 10 ya milimita 105, mwendo wa kama kilomita 44 kwa saa. Nikasimulia asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ilipoikuta HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Kisha ikaharibika yenyewe, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu maji ni mafupi. Ikabidi waletwe Severn na Mersey, meli mbili za kina kifupi, pamoja na ndege za kuelekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia pale.

Nikamalizia: "Wajerumani wakaiopoa mizinga yote 10, wakaipeleka vitani nchi kavu."

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, nani aliibeba?"

Nikajibu, "Wajerumani." Darasa zima likacheka.

Walikuwa na haki ya kucheka. Mtoto wa Nkwenda amekua akiona watu wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kupanda mlima, jasho linawatiririka. Anajua kwamba mwenye mzigo na mbeba mzigo ni watu wawili tofauti. Mimi, na maandalio yangu ya somo, nilikuwa nimewageuza mtu mmoja.

Niliporudi chuoni nilisoma upya habari za meli hii. Ile mitambo iliyoharibika haikujitengeneza Rufiji. Vipande vya boila vilivutwa kwa nguvu za Waafrika, porini, mpaka karakana za Dar es Salaam, halafu vikarudishwa tena kwa njia hiyo hiyo. Na mizinga je? Mmoja tu ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Palipokuwa na reli ulipanda reli. Pasipokuwa na reli, palikuwa na kamba na mabega ya watu. Ndivyo mizinga ya baharini ilivyosikika Kahe na Kondoa, na mmoja ukafungwa kwenye meli ya Götzen huko Kigoma, meli ambayo leo tunaiita Liemba.

Waingereza nao walibebewa hivyo hivyo. Kwa makadirio ya wanahistoria, wapagazi wa upande wao peke yao waliokufa ni karibu laki moja, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake ya Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo. Jamani, kila wiki tunataja Kariakoo kwa ajili ya viatu vya bei poa na mechi ya Simba na Yanga. Ni wangapi kati yetu tunajua kuwa tunataja jina la wabeba mizigo?

Kuna mwenzangu aliniambia: majina ya wale wapagazi hayapo, utafundisha nini? Nakubali, jina la nahodha, Max Looff, ni rahisi kulipata. Lakini kazi waliyoifanya inajulikana, njia walizopita zinajulikana, na vyuma walivyovivuta vipo mpaka leo: mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mzinga umepata makumbusho. Aliyeuvuta hajapata hata sentensi moja kwenye somo langu.

Sisemi tuache kufundisha boila na mizinga. Watoto wanavipenda, na bila kujua uzito wa mzinga huwezi kujua uzito wa kazi. Ninachosema ni kwamba tusiishie pale chuma kinapoishia. Sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hatuna tena kisingizio cha lugha. Kila tunapoandika ubaoni kwamba kitu fulani "kilipelekwa", tujiulize swali la yule binti kabla hajatuuliza yeye.

Mimi muhula ujao naingia na mchoro ule ule, mabomba matatu ya moshi. Ila safari hii nitachora na kamba, na watu walioishika.