Keki Iliyotaka Kutugombanisha

Kuna jioni moja mimi na mume wangu nusura tugombane kwa sababu ya keki.

Ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yetu. Mwenzangu alikuwa ametoka safari na kachupa kadogo ka mvinyo wa Hispania, mililita 375 tu, na bei akakataa kunitajia. (Risiti niliiona baadaye. Tuyaache hayo.) Mimi nikaoka keki ya chokoleti, na aisingi nene juu. Tukala, tukanywa. Yaani ule mvinyo ulikuwa kama maji ya ndimu! Bila kufikiri nikamwambia, "Baba, hapa umeuziwa feki." Akanyamaza. Tukalala hivyo hivyo, kila mtu na ukuta wake.

Kesho yake mchana, nikiwa peke yangu, nikamimina tena kidogo, mara hii na korosho za chumvi. Jamani! Asali, maganda ya chungwa, harufu ya maua. Mvinyo ni uleule. Kumbe feki ilikuwa keki yangu.

Kwenye lebo paliandikwa Vendimia Tardía, maana yake mavuno ya kuchelewa. Wenzao wakishavuna, zabibu hizi huachwa kwenye mzabibu wiki kadhaa zaidi. Maji hupungua ndani ya punje, zinasinyaa, na kinachobaki ni sukari, harufu na ule uchachu kidogo unaozuia utamu usichoshe. Chupa yetu ilikuwa ya Chivite, familia ya Navarra, kaskazini mwa Hispania, iliyoingia kwenye kazi hii mwaka 1647. Wanatumia moscatel ya punje ndogo. Wavunaji hurudi shamba lilelile mara kadhaa wakichagua vichala vilivyo tayari, vingine vikiwa vimeshaingiwa na ukungu fulani ambao wakulima hawa, tofauti na wakulima wengi, huufurahia, maana hukausha zabibu na kuongeza ladha. Juisi huchachuka ndani ya mapipa ya mwaloni. Zabibu iliyosinyaa inatoa juisi kiduchu, ndiyo sababu ya kachupa na ya ile risiti.

Sasa mezani. Chakula kisizidi mvinyo kwa utamu, kikizidi tu ulimi unausahau utamu wa mvinyo na kubaki na uchachu. Ndiyo yaliyotukuta. Kama ni kitu cha tamu, basi tati ya peasi au aprikoti isiyo na sukari nyingi. Turrón ya Jijona, ile ya lozi na asali ambayo Wahispania hawaikosi Krismasi, mimi naiona imezidi. Kipande kidogo, labda.

Lakini raha yenyewe iko kwenye chumvi. Tafuta jibini ya bluu, Roquefort ya Ufaransa au Cabrales ya Asturias, inayoivishwa kwenye mapango ya milimani. Ina harufu kali, mwenzio anaweza kukimbia. Mshawishi aonje kipande, kisha anywe funda moja, halafu mwangalie uso. Wenye mfuko mpana huweka maini ya bata kwenye mkate uliobanikwa. Korosho na lozi za chumvi zinatutosha sisi wengine.

Na kama chokoleti huwezi kuiacha, badilisha chupa: chukua mvinyo mwekundu mtamu wa Monastrell, kutoka Jumilla, au Pedro Ximénez mweusi tii, ambao zabibu zake huanikwa juani.

Uweke kwenye friji mpaka upoe vizuri, nyuzi 8 hadi 10 hivi, na glasi ziwe ndogo. Ukibaki, funga vizuri urudishe kwenye friji, utakaa siku kadhaa.

Siku ile nilimpigia mume wangu kazini kuomba radhi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: nimembakizia? Nilikuwa nimembakizia. Vidole viwili.