Mwalimu Naye Ana Haki ya Kujifunza



Januari 2024 shule za Tanzania zilianza kutumia mtaala mpya, darasa baada ya darasa, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka saba hadi sita. Walioingia darasa la tatu mwaka ule wamepangiwa kumaliza la sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa darasa la saba. Madarasa mawili yatahitimu pamoja, mikononi mwa walimu wale wale.

Baada ya Misa twaulizwa mara nyingi shule ya parokia imeshika nafasi ya ngapi. Ni wachache waulizao mwalimu ameandaliwaje. Mtaala huu wamtaka mtoto aoneshe umahiri, si kukariri tu. Mwalimu aliyezoea kunakilisha ubaoni habadilishwi na waraka uliobandikwa ofisini. Ahitaji semina, vitabu, na muda wa kuketi na wenzake.

Si haki kudai matokeo mema huku tukikata fungu la mafunzo kila bajeti inapobana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la 28 Oktoba 1965, wafundisha kwamba shule ya Kikatoliki hutegemea hasa walimu ili itimize malengo yake. Kamati za shule zilikumbuke hilo zipangapo matumizi. Nao wazazi wakubali Jumamosi moja ya masomo ya ziada kila mwezi iwe siku ya walimu kujifunza.

Mtakatifu Yohane Baptista de la Salle, msimamizi wa walimu, atuombee.