Rivolva kubwa kiunoni: inamlinda nani Kambove?

Kila mara habari ya unyanganyi inapozunguka Kambove, mnunuzi wa madini ametegwa njiani ao nyumba imevunjwa usiku huko Likasi, swali moja linarudi: "Kama angelikuwa na bunduki yake, je?" Siku hizi swali hilo limepata na picha. Video za rivolva kubwa za Marekani zinapita kwenye simu, chuma kinachong'aa, tundu la mbele pana kama kidole gumba, tikiti maji linapasuka vipande kwa risasi moja. Mwenye kuangalia anajisemea: mwizi akiiona hii tu, atakimbia mwenyewe.

Inafaa kulipima jambo hili bila kucheka, kwa sababu woga wa watu ni wa kweli. Anayetoka mgodini na feza za siku nzima ndani ya mfuko, juu ya pikipiki, jua limekwisha kuzama, haogopi kivuli.

Kwanza, kitu chenyewe. Rivolva ni bastola yenye pipa dogo la kuzunguka, na risasi zinakaa ndani ya pipa hilo, tano ao sita. Haikwami kwa urahisi kama bastola ya magazini, na mtu anaweza kuiacha muda mrefu ikiwa imejazwa, kisha ikalia siku anapoihitaji. Sifa hiyo ni ya kweli. Kuhusu kaliba kubwa, kampuni ya Smith & Wesson ilitoa rivolva ya .44 Magnum mwaka 1955, na filamu ya mwaka 1971, Dirty Harry, ikaifanya ijulikane dunia nzima. Mwaka 2003 kampuni hiyohiyo ikaleta kaliba ya .500, yenye risasi ya milimita 12.7. Viwanda vingine pia, kama Ruger na Taurus, vinatengeneza rivolva kubwa. Soko lao ni wawindaji, na watu wa misitu ya baridi kama Alaska, ambako mtu anaweza kukutana na dubu.

Dubu anakuja peke yake, na habebi kalashnikov.

Tuangalie hesabu. Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 inatoka na nguvu ya karibu juli 500. Ya kalashnikov, karibu juli 2,000. Ile ya .500 inaweza kupita juli 3,500. Kwa karatasi, rivolva imeshinda. Lakini kalashnikov ina risasi 30 kwenye magazini moja, inashikwa kwa mikono miwili na bega, na anayeibeba kwa kazi ya unyanganyi mara nyingi hayuko peke yake. Mwenye rivolva ana risasi tano. Ya kwanza ikilia, mkono unaruka juu kwa nguvu ya pigo, masikio yanaziba, na giza la usiku linajaa mwanga wa moto mbele ya macho. Kuirudisha bastola kwenye shabaha kunahitaji mazoezi mengi, na mazoezi yanahitaji risasi nyingi. Hiyo kaliba haitembei katika jeshi wala polisi ya Kongo. Mtu atakuwa na chuma cha karibu kilo mbili, kile chenye mdomo mrefu, na risasi chache za kuchunga kama dawa.

Tena kuna swali la muda. Mwaka 1983, polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, jina lake Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio lake: mtu mwenye kisu aliye umbali wa karibu mita 6 na nusu anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Muda huohuo ndio polisi aliyefundishwa anahitaji kuchomoa bastola na kupiga. Sasa mweke mnunuzi wa madini juu ya pikipiki, nyuma ya dereva, koti limefungwa sababu ya vumbi, mfuko kifuani, na panga inatokea kwenye majani ya kando ya njia. Bastola kubwa iko chini ya koti na chini ya mfuko. Kumbe wa kwanza kuishika anaweza kuwa yule anayemsachi.

Hapo ndipo faida inageuka hatari. Silaha ni mali, na kwa mnyanganyi ni mali kuliko feza, maana feza zitakwisha wiki hii, lakini bunduki itamfanyia kazi mwaka mzima. Mtu akijulikana mtaani kwamba "papa ule iko na silaha" (na katika mji mdogo kama Kambove, jambo la namna hiyo litajulikana tu), ameongeza sababu ya pili ya kuvamiwa. Na watakaokuja watakuja wakijua, kwa hiyo hawatakuja na fimbo.

Kisha nyumba. Katika cités nyingi za huku, nyumba zinakaribiana, milango ni ya mbao nyepesi ao bati, na watoto wanalala wengi chumba kimoja. Risasi iliyoundwa kumwangusha dubu haisimami kwenye mlango wala kwenye bati. Ikimkosa mwizi, inaendelea kwa jirani, na hata ikimpata, inaweza kupita na kuendelea. Kule Marekani mwenye kusifu kaliba kubwa anahesabu nguvu hiyo kuwa faida, lakini Kikula ao kwenye kambi za wafanyakazi, nyuma ya mwizi kuna kitanda cha mtu mwingine.

Kwa upande wa sheria, hakuna mchezo. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayoongoza mambo ya silaha na risasi katika inchi hii. Raia hawezi kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya serkali, na silaha za vita haziruhusiwi kwake hata kidogo. Sheria za kijeshi za mwaka 2002 zinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku wanapokamatwa: raia anayehusishwa na silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Anafika kwa auditora bila sare, bila cheo, na familia inaanza kutafuta wakili. Hata mwenye permi, akipiga mtu, ataulizwa kama shambulio lilikuwa la saa ileile na kama jibu lake lililingana nalo. Mwizi aliyekuwa anakimbia na kuku, akapigwa mgongoni kwa .44, hatakuwa kesi rahisi.

Hata kampuni kubwa za migodi, zenye feza za kununua chochote, ziko chini ya kanuni. Walinzi wa makampuni ya binafsi hawaruhusiwi kubeba silaha za moto. Ndiyo sababu mlangoni mlinzi anasimama na fimbo ao mbwa, na mwenye bunduki pembeni yake ni polisi.

Lakini hapo mkaaji ana haki ya kujibu. Kampuni inalindwa na polisi. Mtaani nani anakuja saa nane za usiku? Jibu hilo haliwezi kufutwa kwa vifungu vya sheria. Na kuna mfano unaowapa nguvu wanaotaka silaha. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliposhambulia duka kubwa la Westgate, Nairobi, kati ya watu wa kwanza kuingia kuokoa walikuwemo raia wenye bastola za leseni, pamoja na polisi wachache. Watu wengi walitoka hai kwa sababu yao. Ni kweli, na inafaa kusemwa. Lakini siku ileile, jeshi lilipoingia, mkuu mmoja wa kikosi maalum cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi waliomdhania adui. Yule alikuwa askari wa kazi. Raia wa Kambove, bastola mkononi, gizani, wakati patruyi inafika mbio, nani atamtofautisha na mwizi?

Katanga inajua pia silaha zinakwenda wapi zikishaingia mikononi mwa watu. Vijana wa vijijini walipopewa bunduki kusaidia kupigana na waasi katika vita vya tangu 1998, vita vikapungua, bunduki zikabaki. Pembetatu ya kifo, Manono, Mitwaba na Pweto, ilizaliwa hapo, na watu wa Lukafu na Likasi waliwapokea wakimbizi wake. Gédéon Kyungu alijisalimisha mwaka 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na kwa miaka mingine mitano jina lake likarudi kutisha vijiji. Katika miaka ileile ya 2000, shirika la PAREC la pasta Ngoy Mulunda lilikuwa linawapa watu baiskeli ili warudishe bunduki. Wapo waliokubali. Baiskeli inabeba makala, inabeba mgonjwa, na haimpeleki mtu kwa auditora.

Kinachobaki kwenye meza, basi, ni ule mfuko wa feza. Mwizi wa njia ya migodi hafuati mtu, anafuata saa ya malipo. Anajua depo inalipa lini, kwa mkono, na pikipiki itapita wapi. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zipo. Malipo yakipita kwa simu, wanaosafiri wakitoka kwa kikundi na mapema, na saa zikibadilishwa, mnyanganyi atalala majanini bure. Shida ni ada ya kutoa feza, na wachimbaji wengi wanataka kuona noti kwa macho yao kabla ya kuachia mfuko wa madini. Mwenye depo anayekubali kubeba ada hiyo mwenyewe atatumia kidogo sana kuliko bei ya rivolva, na bila kuomba permi kwa mtu. Kuhusu patruyi za usiku, hilo ni la kuulizwa kwa wenye mamlaka ya mji, kwa barua yenye majina ya mitaa na saa, na wakaaji wengi wakiwa wameitia sahihi.