Mwalimu Aliyeshona Wavu

Katika mji wa Huye, ambao wazazi wetu hadi leo wanauita Butare, hufanyika mashindano ya mpira wa wavu yaliyopewa jina la mtu. Si jina la kampuni wala la kinywaji. Yanaitwa Ukumbusho wa Rutsindura, na timu kubwa za nchi hii huyaendea pamoja na timu za shule, za wasichana na za wavulana.

Alphonse Rutsindura alikuwa mwalimu katika Seminari Ndogo ya Virgo Fidelis, iliyoko Karubanda, pembeni mwa mji huo. Alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu, kocha, na pia mwamuzi. Mwaka 1994 aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wanaoijua historia ya Butare wanakumbuka kwamba mkoa ule ulichelewa kuingia katika maafa, kwa kuwa mkuu wake wa wakati ule, Jean-Baptiste Habyalimana, alikataa kuwaachia wauaji njia. Katikati ya Aprili akaondolewa kazini, na baadaye naye akauawa. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya siku zile, Théodore Sindikubwabo, akaenda Butare akatoa hotuba, na tangu hapo hapakuwa na kimbilio. Watu waliokuwa wamefundisha, waliotibu, waliohubiri na waliopuliza filimbi katika viwanja vya shule walikufa ndani ya majuma machache.

Waliobaki wangeweza kumwandikia mwalimu wao kibao cha mawe na kukiacha pale. Wao waliuchukua mchezo aliowafundisha wakauweka mahali pa kibao. Mji huohuo una mfano wa pili. Groupe Scolaire Officiel, shule iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1929, mji ulipokuwa ukiitwa Astrida, nayo ina mashindano yake ya mpira wa wavu kwa ajili ya marehemu Padri Emmanuel Kayumba, aliyekuwa mkuu wake. Padri Kayumba anakumbukwa kwa jinsi alivyoupenda mchezo huo na kuusukuma mbele. Shule mbili, mji mmoja, mchezo mmoja. Sidhani kwamba ni bahati tu, maana Butare ndiko mpira wa wavu ulikoshika mizizi hasa katika nchi yetu, na mizizi hiyo ilimwagiliwa na walimu.

Sisi wa Cyangugu tuko upande wa pili wa msitu wa Nyungwe. (Najua kwamba tangu mageuzi ya mwaka 2006 jina la wilaya ni Rusizi, na karatasi zangu za ofisini zinasema hivyo, lakini kondakta wa basi akiita «Cyangugu!» watu wote huinuka.) Kutoka Kamembe hadi Huye basi hukwea na kuzunguka msituni kwa muda mrefu, abiria wanafunga madirisha kwa baridi, na wakati wa kurudi ziwa Kivu linapoonekana tena mtu hujiona amefika nyumbani hata kama bado yuko mbali. Habari za makocha wa Butare zilitufikia kwa njia hiyo ya msitu, na mimi niliyenisimulia kwa mara ya kwanza jina la Rutsindura ni mwalimu wetu wa mpira wa wavu katika chuo cha ualimu nilikosomea, huku huku upande wa ziwa.

Jina la mwalimu huyo sitaliandika. Mkewe ameniomba hivyo, na waliopita mikononi mwake watamtambua kwa maelezo haya.

Alifundisha hisabati asubuhi, na jioni alikuwa uwanjani akiwa amevaa suruali ileile ya darasani, ameikunja mara mbili. Uwanja wetu ulichongwa kwenye mteremko. Vipimo vyake vilikuwa sahihi, mita 18 kwa 9, kwa sababu alivipima mwenyewe kwa kamba yenye mafundo. Lakini ulikuwa umeinama kidogo kuelekea ziwani, na mpira ukitoka upande wa chini ulishuka hadi kwenye mashamba ya watu. Kwa hiyo kila jioni mwanafunzi mmoja aliwekwa kule chini kuudaka. Zamu hiyo haikuwa adhabu. Mwalimu alituambia kwamba anayesimama chini anaona mchezo mzima, na ni kweli kwamba baadhi ya wapangaji wetu bora wa mipira walijifunza kutazama wakiwa kule.

Wavu ulikuwa mmoja tu. Ukichanika, hakungoja barua iende wizarani na kurudi. Alishuka mwaloni kwa wavuvi wa sambaza, akaomba au akanunua uzi wanaoshonea nyavu zao, akaketi kwenye kizingiti cha darasa akashona tundu kwa tundu. Walipita wakaguzi wakamkuta akishona, naye aliinuka akawasalimu kwa heshima zote, akaketi tena akaendelea. Ukiutazama wavu ule katika mwaka wangu wa mwisho, sehemu kubwa ilikuwa ya uzi wa wavuvi, wala sijui ni kiasi gani kilichobaki cha wavu ulionunuliwa.

Jambo moja katika mafunzo yake lilitusumbua sana. Sheria za mpira wa wavu, kama wachezaji wanavyojua, zilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi kila mpira unaochezwa una pointi, seti inakwisha kwa 25, na ya tano kwa 15. Zamani timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa yenyewe imeanzisha mpira. Mpinzani akikosea wakati mpira wa kuanzisha ni wake, wewe ulipewa haki ya kuanzisha, basi, pointi hakuna. Seti ya pointi 15 iliweza kuchukua jioni nzima. Mwalimu wetu alizijua sheria mpya barabara, na kwenye mashindano tulizicheza. Walakini kila Jumatano alitulazimisha kucheza kwa hesabu ya kale. Tulinung'unika. Tulikuwa vijana wenye njaa, kengele ya chakula inakaribia, na matokeo yamesimama tisa kwa tisa kwa robo saa. Yeye alisema neno lilelile kila mara: «Ongozeni kwanza, kisha mdai.» Nakiri kwamba hadi leo sina hakika kama mbinu hiyo ilitusaidia kushinda. Tulifungwa mara nyingi na shule kubwa. Lakini sikumbuki mchezo hata mmoja ambao tuliuacha ukatuponyoka kwa uchovu.

Hapa nataka kusema jambo ambalo kurasa za michezo huwa hazilisemi, na ndiyo maana naliandika katika ukurasa huu wa nyumba. Tunapomsifu kocha, aghalabu tunahesabu vikombe. Tungepaswa kuhesabu pia unga. Mwalimu hakulipwa chochote kwa kazi ya uwanjani. Kila Jumamosi ya mechi timu ilipita nyumbani kwake ikanywa uji kabla ya kupanda gari, vijana kumi na wawili, wakati mwingine kumi na wanne, na uji ule ulitoka katika debe la familia yenye watoto wanne. Mpira wenyewe alilala nao nyumbani usije ukaibwa, na watoto wake walikatazwa kuuchezea. Mkewe aliniambia, baada ya mazishi, kwamba kwa miaka mingi alijua idadi ya wachezaji wa chuo kuliko mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeosha vikombe. Aliyasema hayo bila kulalamika. Lakini alitaka yajulikane, nami nayaandika kama alivyotaka.

Mwalimu alifariki kwa maradhi, kitandani mwake, akizungukwa na watu wake. Nalitaja hilo kwa makusudi. Katika nchi yetu kifo cha namna hiyo kwa mwalimu wa rika lake ni jambo la kushukuru. Hapa Kamembe tuna uwanja wa mpira unaoitwa Kamarampaka, jina linalokumbusha kura ya maoni ya Septemba 1961. Aprili 1994 Watutsi waliokuwa wamekimbilia kanisani walihamishiwa katika uwanja huo, na baadhi yao walitolewa humo wakaenda kuuawa. Mwalimu alipotupeleka pale kwa mara ya kwanza kushindana, alitusimamisha langoni, akatueleza kwa maneno machache yaliyotokea, akatutaka tunyamaze kwa muda, kisha akasema twende tukapashe viungo. Alikuwa haamini kwamba mahali palipotumika kwa ukatili paachiwe ukatili.

Ndugu zetu askari walio miongoni mwa wasomaji wanayo habari ya karibu zaidi ya jambo hilo. Mwaka 2012, timu ya wanaume ya Rwanda ya mpira wa wavu wa kukaa ilikwenda London katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko katika mchezo huo. Ndani yake walikuwamo Dominique Bizimana, aliyepigana upande wa jeshi la RPF, na Jean Rukundo, aliyekuwa askari wa jeshi la serikali ya zamani. Kila mmoja alikuwa amepoteza mguu vitani. Walikaa sakafuni upande mmoja wa wavu. Wanawake wetu nao walifika Rio mwaka 2016. Mwalimu alikuwa na picha ya timu ya London, aliyoikata gazetini, ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vitabu.

Sasa nije kwenye shauri lililotukutanisha. Mwaka jana wanafunzi wake wa zamani tulikutana Kamembe tukachanga fedha. Tulikuwapo walimu, wauguzi, mfanyabiashara wa saruji, polisi wawili na wanajeshi watatu, na mmoja aliyekuwa kazini Jamhuri ya Afrika ya Kati alituma mchango wake kwa simu. Mgogoro ukaanza palepale. Kundi moja lilitaka kaburi lijengwe upya kwa vigae na picha yake. La pili lilitaka kombe, lenye zawadi ya fedha, litangazwe redioni, tuwe na ukumbusho wetu kama watu wa Butare. La tatu, ambalo nilikuwa upande wake, lilisema mtoto wake wa mwisho bado yuko shuleni, na ada haingojei kombe. Tulibishana hadi giza likaingia, na maneno mengine hayakuwa mazuri kati ya watu waliokunywa uji katika vikombe vimoja.

Afande mmoja, ambaye enzi zetu alikuwa mzuiaji wa katikati, ndiye aliyesema kwamba tunagawa mali bila kumwuliza mwenye nyumba. Asubuhi yake tukaenda kwa Mama. Alitusikiliza sote, akatupa chai, kisha akasema: «Kaburi lake halivuji. Ada ya mtoto nimeshaipata, shamba limenisaidia. Nendeni mkautazame wavu.»

Tulikwenda chuoni. Wavu ulikuwa umeoza. Uzi wa wavuvi ndio uliobaki ukining'inia, maana ni imara, lakini haukuwa na kitu cha kushikilia. Wanafunzi walikuwa wakicheza juu ya kamba ya kuanikia nguo.

Fedha zile zimenunua nyavu mbili, mipira minne, na nguzo za chuma zenye matundu ya kupandisha na kushusha, mita 2.43 kwa wavulana na 2.24 kwa wasichana, kwa sababu zamani wasichana walikuwa wakicheza kwenye kimo cha wavulana. Kilichosalia tumekiweka kwa ajili ya unga, kwa sharti la Mama mwenyewe kwamba safari hii upikwe jikoni kwa chuo. Shauri la kusawazisha ule mteremko limekataliwa kwa kura, saba kwa nne. Wale wanne hawajaridhika, nao wana hoja: mgeni akija kushindana atasema tunamwonea.

Jambo moja halijapata jibu. Tuna nyavu, tuna mipira, hatuna mtu wa jioni. Mwalimu kijana wa michezo aliyepo ana vipindi vingi, na amesema wazi kwamba ataweza siku mbili tu katika juma. Yule polisi wetu wa Kamembe amejitolea Jumatano, zamu yake ikiruhusu, na ameuliza kama aifuate hesabu ya kale. Siku nyingine mbili ziko wazi. Aliyepita katika uwanja ule, awe na sare au hana, na anayeishi kati ya Kamembe na Bugarama, anaombwa apite chuoni aonane na mkuu wa chuo kabla ya muhula kufunguliwa. Aje na viatu vya mpira.