Nyumba za Wageni Kariakoo Ziandike Bei Mlangoni

Jangwani ya Dar es Salaam ni jangwa kwa jina tu. Ni bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zinaponyesha hugeuka kuwa ziwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na wakazi wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo, mgeni afikaye huko, au Kariakoo iliyo jirani, bila ya kuwa na ndugu wa kumpokea, hupatwa na masaibu ya msafiri wa jangwani: kila amwonyeshaye kisima hutaka kwanza alipwe.

Kariakoo imezoea wageni. Jina lake lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo, ingawa Wizara zimekwisha kuhamia Dodoma, walimu na watumishi wa mikoani bado hushukia huko. Huyu amemleta mzazi wake Muhimbili, yule amefuata vifaa vya shule, mwingine ameitwa kwenye semina.

Nyumba nyingi za kulala wageni zinaendeshwa na watu waaminifu, na hilo yafaa lisemwe wazi. Mtego huanza mapema zaidi, kituoni Mbezi, ambako mabasi ya mikoani hufikia tangu 2021. Kijana mwenye maneno matamu hupokea mzigo kabla hajaombwa. Akitajiwa nyumba ambayo mgeni ameelekezwa na jamaa zake, hujibu kwamba imejaa, au imefungwa, au juzi iliingiliwa na wezi. Kisha humpeleka kwenye nyumba inayomlipa yeye kwa kila kichwa. Ujira huo, hata ukitoka mkononi mwa mwenye nyumba, mlipaji wake ni mgeni, kwa kuwa umekwisha kuingizwa katika bei anayotajiwa. Huu ni ulanguzi wa kitanda, hauna tofauti na ule wa sukari na sabuni uliopigwa vita mwaka 1983.

Nyumba ya haki hutambulikana kwa mambo madogo. Hutaja bei moja kwa kila mtu, huruhusu chumba kionekane kabla fedha hazijatolewa, huandika jina la mgeni daftarini, na hutoa risiti bila ya kubembelezwa. Chandarua hakikutoboka, maji yanatoka, mlango unafungika kwa ndani. Nyumba inayokodisha vyumba kwa saa haimfai mtu aliyefuatana na mama yake mgonjwa, hata ikiwa na televisheni ukutani. Na wakati wa masika ni busara kuuliza kama nyumba iko juu Kariakoo au chini bondeni.

Lakini lawama haziwaangukii wapiga debe peke yao. Posho ya kujikimu hutolewa ili mtumishi ale na kulala. Wengi wameigeuza kuwa nyongeza ya mshahara. Mtu hutafuta kitanda cha bei ya chini kabisa ili kinachobaki kikanunue mabati kijijini. Mishahara inajulikana, na kubana matumizi si dhambi. Ila mpiga debe anawafahamu vizuri watu wa namna hii. Humtajia bei ndogo kituoni, na wakifika mlangoni huzuka fedha ya feni, fedha ya kutunza mzigo, hata ya ndoo ya maji ya kuoga. Asubuhi mgeni amelipa kuliko ambavyo angelipa kwenye nyumba ya haki. Kisha hunyamaza, kwa kuona aibu kwamba msomi mzima amelaghaiwa, naye mwenzake wa wiki ijayo huingia mtego ule ule.

Nauli ya daladala hupangwa na kutangazwa, na kondakta anayeizidisha huulizwa na abiria wote. Haieleweki kwa nini bei ya kitanda iwe siri ya mapokezi. Halmashauri ya Jiji ndiyo itoayo leseni za nyumba hizi. Inaweza kuagiza kwamba kila moja iwe na ubao wa bei mlangoni, penye mwanga, na gharama ya ubao haifikii ile ya godoro moja. Wakaguzi nao wapite jioni, mabasi yanapokuwa yamekwisha kushusha abiria, si saa nne asubuhi, wakati mgeni amekwisha kulipa na kuondoka.