Hasira Zilizokosea Mlango

Besiboli ya Marekani ikifunga msimu wake mwanzoni mwa Novemba, mchezo hauishi, unahamia vijiweni. Viwanja vinapigwa na baridi, na mashabiki wa New York, Chicago na St. Louis wanaanza ubishi wa miezi mitatu: nani aachwe, nani abadilishwe na nani, mchezaji huru yupi apewe miaka mingapi na mamilioni mangapi. Shabiki wa Simba au Yanga anaijua homa hiyo ya usajili bila kuelezwa. Lakini ubishi wa Wamarekani una tabia moja ambayo mimi naona imekaa vibaya. Mtu asiyemiliki hata kiti kimoja cha uwanja hujitwisha kazi ya uhasibu wa tajiri. Anaumia kwa fedha za klabu, anamwona mchezaji ana tamaa, na laana zilizobaki anamwangushia wakala. Scott Boras, wakala maarufu kuliko wote katika mchezo huo, amebebeshwa laana hizo hasa tangu Desemba 2000, alipompatia Alex Rodriguez mkataba wa dola milioni 252 na Texas Rangers. Nasema hasira hizo zimekosea mlango. Bei inayowashangaza mashabiki inatokana na mfumo unaomfunga mchezaji miaka yake bora kwa malipo ya chini. Wakala anaingia kwa nguvu pale tu kamba inapolegea.

Mfumo wenyewe unahitaji maelezo, kwa sababu haufanani na wa soka. Katika besiboli klabu hailipi klabu nyingine ada ya uhamisho kama tulivyozoea. Kwa kawaida zinabadilishana wachezaji, na mchezaji anayebadilishwa mara nyingi haulizwi. Anaweza kulala akiwa wa Washington na kuamka akiwa wa San Diego. Anayeingia ligi kuu anabaki chini ya mamlaka ya klabu yake hadi atimize miaka sita ya utumishi. Katika mitatu ya mwanzo klabu ndiyo inayopanga mshahara, ilimradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata anaruhusiwa kupeleka madai yake kwa wasuluhishi. Ndipo anapokuwa huru, na kwa wengi hapo umri umeshafika miaka 28, 29 au 30. Chukua mfano wa Paul Skenes, mrushaji wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 2025 alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, huku mshahara wake ukiwa dola 875,000. Ni kweli alipewa dola milioni 9.2 aliposajiliwa, na upo mfuko wa bonasi wa dola milioni 50 wanaogawana vijana wa daraja lake. Hata hivyo, kazi aliyoifanya msimu ule, kama ingeuzwa sokoni, ingeigharimu Pittsburgh makumi ya mamilioni. Sijasikia shabiki akisema kwamba Pirates wana tamaa.

Hata uhuru huo wa baada ya miaka sita haukutolewa kwa hisani. Kwa miongo mingi kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu moja hadi klabu yenyewe imchoke. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Curt Flood Philadelphia katika mabadilishano bila kumuuliza. Flood, Mmarekani mweusi aliyekuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, alimwandikia kamishna wa ligi akikataa kutendewa kama mali ya kununuliwa na kuuzwa. Akafungua kesi, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura tano dhidi ya tatu, na kazi yake uwanjani ilikuwa imekwisha. Mlango ulifunguliwa Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza msimu huo bila kusaini mkataba, walikuwa huru. Barani Ulaya soka ilisubiri miaka 20 zaidi, hadi hukumu ya Bosman ya Desemba 1995.

Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, aliona jambo ambalo wamiliki wengi hawakuliona. Charlie Finley, mmiliki wa Oakland, alipendekeza wachezaji wote waachiwe huru kila mwaka. Miller aliogopa wamiliki wenzake Finley wasije wakamsikiliza, maana mamia ya wachezaji wakiingia sokoni siku moja, bei ingeshuka. Makubaliano ya 1976 yakaweka miaka sita, na sokoni wakawa wanaingia wachache kila mwaka. Kwa hiyo uhaba unaopandisha bei za majira ya baridi uliwekwa mezani na pande zote mbili, na wamiliki wanafaidi sehemu yao kwa miaka sita kabla Boras hajapiga simu.

Yaliyompata Juan Soto yanaonyesha vizuri jinsi lawama zinavyopotoka. Kijana huyu wa Jamhuri ya Dominika aliingia ligi kuu mwaka 2018 akiwa na miaka 19, na mwaka uliofuata akaisaidia Washington Nationals kutwaa ubingwa. Mwaka 2022 Nationals walimpa ofa ya miaka 15 kwa dola milioni 440. Alikataa. Wengi walisema Boras, wakala wake, amempotosha mtoto wa watu, kwamba hakuna binadamu anayekataa fedha kama hizo. Klabu ikambadilisha kwenda San Diego Agosti mwaka huohuo. Desemba 2023 akahamishiwa New York Yankees. Na Desemba 2024, akiwa huru kwa mara ya kwanza maishani, akasaini na New York Mets miaka 15 kwa dola milioni 765. Tofauti ya milioni 325 ndiyo kipimo cha ofa ile iliyoitwa ya ukarimu. Steve Cohen, mmiliki wa Mets, hakushikiwa bunduki. Ni mwekezaji tajiri aliyeijua bei ya bidhaa, akashindana na wengine wenye ujuzi uleule.

Tumewahi kuona wamiliki wanapokubaliana kimyakimya wasishindane. Kati ya 1985 na 1987 walisusia wachezaji huru wa klabu nyingine. Mwanzoni mwa 1987 Andre Dawson aliwapelekea Chicago Cubs mkataba uliosainiwa tayari, nafasi ya mshahara ikiwa tupu. Wakaandika dola 500,000. Mwaka huohuo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Wasuluhishi waliwakuta wamiliki na hatia, na mwaka 1990 wakakubali kulipa dola milioni 280.

Pingamizi la kwanza la shabiki ni tiketi: mishahara ikipanda, kiingilio kinapanda. Hesabu hiyo imegeuzwa. Mwenye uwanja hupanga bei kwa kuangalia watu wako tayari kulipa kiasi gani, na angepanga bei hiyohiyo hata kama wachezaji wangecheza bure. Ushahidi upo hukohuko Marekani: kwa miongo mingi wachezaji wa futiboli ya vyuo vikuu hawakulipwa mshahara, ilhali tiketi zilikuwa ghali na makocha wakichukua mamilioni. Fedha ambazo hazikwenda kwa mchezaji hazikurudi kwa mtazamaji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Klabu za miji midogo, wanasema, zinalea vipaji kwa ajili ya Los Angeles na New York. Kilio cha mashabiki wa Pittsburgh hakistahili kuchekwa, na Los Angeles Dodgers waliotwaa ubingwa mwaka 2024 na 2025 wanakipa nguvu. Lakini zama za kifungu cha kale hazikuwa na usawa pia. Kati ya 1949 na 1964, mchezaji akiwa hana sauti wala wakala, Yankees walishinda ligi yao mara 14 katika misimu 16, huku Kansas City wakiwapelekea wachezaji wazuri katika mabadilishano, Roger Maris akiwa mmoja wao. Tena klabu za leo zinagawana mapato: kila moja huingiza asilimia 48 ya mapato yake halisi ya nyumbani katika mfuko unaogawanywa sawa. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kililalamika rasmi kwamba Pittsburgh, Miami, Tampa Bay na Oakland hazikutumia fedha za mgao huo ipasavyo kuboresha timu. Na Oakland yenyewe ilipoteza timu baada ya msimu wa 2024. Aliyeihamisha hakuwa wakala, alikuwa mmiliki anayekimbilia Las Vegas.

Kisha kuna mikataba mirefu inayooza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, shabiki atasema, na atamtaja Albert Pujols: dola milioni 240 kwa miaka 10 kutoka kwa klabu ya Angels, akaachwa Mei 2021 kabla hata mkataba haujaisha. Atamtaja na Anthony Rendon, aliyesajiliwa na klabu hiyohiyo kwa milioni 245 na kutumia muda mwingi akiuguza majeraha. Sawa. Ila hesabu ya Pujols ianze mwaka 2001, alipolipwa dola 200,000 na St. Louis na kuwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Cardinals walipata mataji mawili na miaka yake bora. Angels walilipia sifa zilizojengwa kwingine. Mfumo unaomzuia mtu kuuza ujana wake utamlazimisha kuuza kumbukumbu zake.

Linalobaki ni la wakala mwenyewe, na hapa wakosoaji wana haki kiasi. Wakala ni dalali. Analipwa asilimia, na maslahi yake si lazima yawe ya mteja. Jordan Montgomery, bingwa na Texas mwaka 2023, alisubiri sokoni hadi mwishoni mwa Machi 2024, akaambulia mkataba mfupi wa dola milioni 25 na Arizona, kisha akaachana na Boras na kumlaumu hadharani. Blake Snell alisubiri vilevile chini ya wakala huyohuyo, na Novemba mwaka uleule akapata milioni 182 kutoka Dodgers. Anayestahili kulalamika juu ya dalali mbaya ni aliyemwajiri, kama Montgomery alivyofanya. Shabiki hamlipi Boras hata senti.

Ubishi huu una matokeo. Makubaliano ya kazi yaliyosainiwa Machi 2022 yamewekewa ukomo wa tarehe 1 Desemba 2026, na miongoni mwa wamiliki wapo wanaotaka ukomo wa mishahara, jambo ambalo wachezaji waliligomea mwaka 1994 hadi fainali za mwaka huo zikafutwa. Kila shabiki anayerudia kwamba wachezaji wana tamaa anawaandalia wamiliki hoja. Vijana wa Uganda wanaoanza kusajiliwa na Dodgers na Pirates, kwa mikataba midogo ya ligi za chini, watakuta kanuni zitakazotoka katika mvutano huo. Ukomo wa mishahara ungeweza kujadiliwa kwa uaminifu kama ungekuja pamoja na kima ambacho kila klabu italazimika kutumia, na kama miaka sita ingepunguzwa kuwa minne. Ungehitaji pia vitabu kufunguliwa. Kati ya klabu 30, Atlanta Braves, ambayo hisa zake zinauzwa sokoni, huchapisha hesabu zake kwa undani. Nyingi zilizobaki ni mali binafsi, na anayesema hazina fedha hajawahi kuonyesha daftari.